Mbuzi wa Kwenye Lebo

Ubongo wa mbuzi uling'aa kijani wote chini ya hadubini, nikaita maabara nzima ije kuona vipokezi vya dopamini. Shahada yangu ilitegemea picha hiyo.

Kichupa cha kingamwili ya kutafutia vipokezi kilikuwa kimeandikwa "mbuzi", nikadhani ni ya kupimia mbuzi, basi nilienda soko la Gakoromone nikanunua kichwa cha mbuzi. "Daktari, leo ni supu?" mchinjaji aliuliza. "Ni sayansi," nikajibu kwa maringo.

Msimamizi wangu, Dakta Kananu, alisoma lebo ya kichupa. "Wewe! Mbuzi ndiye aliyeitengeneza kingamwili hii. Rangi ya kijani uliyoongeza hushika kingamwili yoyote ya mbuzi, na huyu uliyemnunua alikuwa na zake tele."

"Sasa mbuzi ni nani hapa?" mwenzangu akauliza.

Kama vipokezi vilikuwemo au la, mpaka leo sijui.