Taka za Kiwanda Zimemwagwa Shambani Kwangu, na Aliyezileta ni Ndugu Yangu

Admin, nifichie jina na kijiji, nakuomba kwa Mungu. Mimi ni mama wa miaka arobaini na mbili, mjane, niko na watoto watatu, naishi upande wa Konza. Nimekuja cyber hapa Machakos town kuandika hii, na mtu akipita nyuma yangu nafunika screen na mkono. Huko kwetu wananijua kama mama wa mdomo, hakuna wa kunichezea. Lakini wiki hii nimenyamaza mpaka watoto wananiuliza kama ni mgonjwa. Mficha uchi hazai, wacha niseme.

Shamba langu limekatwa na korongo. Mvua ikinyesha linakula matuta yangu, na mwaka jana lilifika karibu na kaburi la bwanangu. Nililia sana. Ndugu yangu mdogo, yule niliyembeba mgongoni mama akienda kulima, ni dereva wa lori. Akaniambia, "Dada, si nikuletee udongo tujaze hapo? Kuna kiwanda wanautupa tu." Nikamshukuru Mungu. Wewe ungekataa?

Akaleta usiku, lori baada ya lori, akisema mchana ana kazi. Ulikuwa mweusi, unanuka vibaya, lakini nikasema harufu itaisha na jua. Nikaita mwethya, kikundi chetu cha akina mama tunaosaidiana shambani kwa zamu. Wakaja na majembe, tukausambaza kwa nyimbo, miguu chini bila viatu, nikawapikia muthokoi wakala wakashiba. Niliwaita mimi mwenyewe, na mdomo wangu huu.

Kisha mikono ikaanza kuwasha. Ngozi ya vidole ikawa inabanduka. Tukasema ni joto. Halafu mbuzi wa jirani walikunywa maji yaliyosimama chini ya korongo, wakafa wote siku hiyo hiyo. Jirani akaenda kwa chifu, chifu akaita watu wa mazingira.

Walikuja Jumanne na askari. Yule afisa alikuwa mpole, na upole wake ndio uliniogopesha zaidi. "Mama," akasema, "siku hizi kuna sheria. Taka za kiwanda hazimwagwi popote mtu anapotaka. Na mwenye shamba akiruhusu, yeye pia anajibu kortini." Akaniuliza nani alileta. Nikasema sijui, niliamka nikazikuta. Akafunga daftari yake. "Nitarudi Ijumaa mchana. Ukisema ukweli utakuwa shahidi. Usiposema, utakuwa mshtakiwa."

Jioni ndugu yangu akaja, akafunga mlango nyuma yake. "Dada, nilijua. Ni matope ya dawa za kutengeneza ngozi za viatu. Mkubwa wa kiwanda alinikataza kusema. Ukinitaja nimekwisha. Nikikosa jela, hao watu wenyewe watanimaliza." Aiya! Nilimzaba kofi. Kisha nikamshika, tukalia wote wawili pale jikoni. Nikamuuliza, "Na mikono ya akina mama, hukuifikiria?"

Tangu siku hiyo silali. Gari likinguruma huko barabarani, nachungulia dirishani. Nikifungwa, watoto wangu watabaki na nani? Nikimtaja, mama yetu ambaye bado yuko hai nitamwangaliaje usoni? Damu ni nzito kuliko maji, lakini jamani, hii damu inanizamisha.

Na bado sijawaambia kubwa. Jana kiongozi wa mwethya alikuja kwangu anacheka, akanishika bega. "Wewe ni wetu," akasema. "Hatuwezi kukaa tukiangalia ukipelekwa korti. Tumeongea. Ijumaa asubuhi tunakuja wote, tunachimbua huo uchafu wa juu, tunaufukia chini kabisa, tunapanda nyasi. Huyo afisa akirudi hatapata kitu."

Nikamwambia pole pole, "Lakini wanasema ni sumu."

"Sumu gani? Si tuliishika na mikono na tuko hai? Hata Mwikali amesema lazima aje."

Mwikali ni yule msichana aliyeolewa kwetu juzi. Ana mimba ya miezi saba. Nikamwekea mgeni chai, nikamimina mpaka ikamwagika mezani. Akafikiri naogopa jela. Akaniombea kabla ya kwenda.

Leo ni Alhamisi. Nikiwakataza, wataniuliza nimejuaje ni sumu na nani aliileta, na hao mama nawajua, hawatatoka hapo mpaka nitoe jina. Likitoka, kabla ya saa sita litakuwa kwa chifu. Nikinyamaza, wataingiza mikono yao ndani ya ile kitu kwa sababu wananipenda.

Wenye cyber wanataka kufunga. Ndugu zangu, msinitukane, nishaurini, na msichelewe. Kesho asubuhi watakuwa mlangoni kwangu na majembe. Nikifungua, niwaambie nini?