Sauti Niliyotaka Ifutwe

Nakumbuka asubuhi ile ya baridi nilipomwambia mke wangu, "Leo twende ukamwambie yule kijana afute kila ulichomwambia." Mwanangu, ningerudishiwa asubuhi moja tu ya maisha yangu, ningeomba hiyo, nikae kimya ninywe chai yangu.

Kijana mwenyewe aliitwa Yonazi, mtoto wa huku huku milimani, wa Mgwashi. Alikuwa anasomea saikolojia, shahada ya uzamili, na utafiti wake ulituhusu sisi wazee ambao watoto wameshuka mjini wakatuacha wawili wawili: tunaishije, tunawaza nini, kama tuna furaha. Alituhoji kila mmoja peke yake, kwa Kishambaa, akirekodi kwa simu.

Alianza na mimi. Nilimjibu kama ninavyojibu mkutanoni: tunamshukuru Mungu, hatuna tatizo. Tukamaliza kabla chai haijapoa.

Ikaja zamu ya Mama Neema. Wakakaa barazani, yeye akichambua maharage, nami nikashuka shambani kufunga njegere kwenye miti yake. Haukupita muda nikamsikia mke wangu anacheka, tena anacheka mpaka anakohoa. Nilisimama na kamba mkononi. Sikukumbuka ni lini mimi nilimchekesha hivyo. Kisha kukawa kimya. Nilipochungulia nikamwona anajifuta macho kwa pindo la kanga, na Yonazi ameinamisha kichwa, anasikiliza tu.

Jioni nikamuuliza, "Mlikuwa mnaongea nini?"

"Maisha tu, Baba Neema."

"Maisha gani ya mchana mzima?"

"Haya haya tuliyoishi," akasema, akaenda kuangalia chungu.

Yonazi aliporudi mara ya pili, nikakosa raha kabisa. Pale tunapopakia kabichi kwenye lori, rafiki yangu mmoja akanichokoza mbele za watu: "Kumbe mama watoto siku hizi ni somo la chuo kikuu! Na wewe je, mzee, ulifeli?" Wakacheka, nami nikacheka, lakini iliniuma.

Usidhani niliwashuku uchafu. Yule kijana ni mdogo kuliko binti yetu. Nilimwonea wivu kwa sababu alipewa maneno ambayo mimi, mwenye nyumba, sikuwahi kupewa. Na ugonjwa huo nilikuwa nao tangu ujana. Tulipokuwa tumeoana karibuni, fundi cherehani mmoja pale Magoma alikuwa anamchekesha mke wangu kila akimpima gauni. Nikamtafutia fundi mwingine, mzee mkavu asiyejua hata kutabasamu, na magauni yake yote yalikuwa yanambana. Mama Neema aliyavaa hivyo hivyo bila kulalamika, nami nikadhani nimeshinda.

Basi asubuhi ile nikampeleka mwenyewe mpaka chumba alichopanga Yonazi, karibu na kanisa. Nikaanza kusema mimi. Kijana akanisikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

"Samahani, baba," akasema. "Mwenye haki ya kujitoa kwenye utafiti ni mama. Lazima aseme yeye."

Mke wangu hakunitazama. "Futa, mwanangu."

"Una uhakika, mama? Nilikuahidi hakuna mwingine atakayejua uliyosema."

"Futa. Nataka amani nyumbani kwangu."

Akafuta mbele yetu. Wakati wa kurudi nilitangulia njiani, napiga mluzi.

Tangu hapo Mama Neema alinipikia, akaniombea, tukaenda pamoja ibadani. Ila nikimuuliza jambo lolote la moyoni, alinijibu: tunamshukuru Mungu, hatuna tatizo. Haikupita miaka mingi, moyo ukamsumbua, akafariki.

Yonazi alikuja msibani. Nikamvuta pembeni.

"Alisema nini juu yangu?"

"Pole sana, baba. Nilimwahidi."

"Hayupo tena. Niambie basi kama lilikuwa jema au baya, neno moja tu."

Machozi yalimlengalenga. "Siwezi, baba. Maneno yale ni yake."

Na pale pale, udongo wa kaburi ukiwa bado mbichi, wivu ukanipanda tena. Mpaka leo bado ninao. Yule kijana amembeba kichwani mwake mke wangu ambaye mimi sikumjua.

Kwa hiyo nakuambia wewe, mwanangu, unayeanza nyumba yako: ukimsikia mwenzako anacheka na mtu mwingine, au anamlilia, usikimbilie kumziba mdomo. Kaa naye, muulize, halafu lipokee jibu lake hata kama litakuchoma. Akiwa hawezi kukuambia wewe, mwache aseme pale anapoweza. Mungu akujalie masikio yenye subira, na akupe mwenzi asiyekuogopa.

Mimi uamuzi ule ulinigharimu hivi: nilimzika mke wangu bila kujua kama aliwahi kuwa na furaha nami, na mtu pekee anayejua hawezi kuniambia.