Vitunguu vya Mama wa Mkatalani

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilipanga nyumba Tensta, kitongoji cha mji mkuu wa Uswidi, pamoja na Mkatalani mmoja aliyekuwa na ugonjwa usio na dawa: kijiji chake. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa ufundi kutoka Kilimanjaro, yeye mpakiaji mizigo katika ghala huko Jordbro, na kila tulipokaa kula alinipa somo. Nikajua ngome yao iliyojengwa kuzuia maadui, na ambayo siku hizi haizuii hata mbuzi. Nikajua ushirika wa mafuta ya zeituni, wenye katibu anayesinzia sawasawa na wa ushirika wetu wa kahawa. Nikajua kwamba shuleni alichapwa kwa kusema lugha ya mama yake. Nilipombana vizuri, kijiji chenyewe kilikuwa na watu wachache kuliko jengo letu.

Alikuwa ametoroka jeshi, hivyo asingeweza kurudi mpaka mtawala wao mzee afe, na mzee hakuwa na haraka. Mama yake, mjane, akaandika kwamba amechoka na anataka kuuza shamba la milozi na mizeituni. Ila kwanza angekuja kumwona mwanawe.

"Akiamini kwamba nitarudi, hauzi," rafiki yangu aliniambia. "Tutamlisha vitunguu, aone sijasahau kwetu."

Kwao, alisema, wakati wa baridi kijiji kizima hukusanyika kula vitunguu virefu vya kuchoma. Siku ya mgeni akawasha moto wa vijiti kwenye roshani, katikati ya theluji. Jirani wa juu akamfokea kwa Kiswidi, naye akamjibu kwa Kikatalani. Vitunguu vilipoiva akavifunga katika gazeti, akaviacha mezani, akaenda stesheni kumpokea mama.

Nikafungua gazeti. Mkaa mtupu! Nikamwonea huruma bingwa huyu wa ngome asiyejua kupika. Kwetu mgeni hapewi chakula kilichoungua, sembuse mama mzazi. Nikamenya, nikaosha, nikakatakata, nikatia chumvi, ndimu na pilipili. Nikaridhika sana na nafsi yangu.

Walipoingia, rafiki yangu akaona bakuli na kushika kichwa.

"Umefanya nini wewe? Vinaunguzwa makusudi! Kila mtu humenya chake mezani, kwa mikono!"

Mama, mwanamke mfupi aliyevaa nguo nyeusi tupu, aliketi akala kachumbari yangu. Alipomaliza, akanitazama, akamwuliza mwanawe jambo. Rafiki yangu akainamisha kichwa.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anauliza tumeishi pamoja miaka mingapi."

"Mitatu, mama," nikasema, nikimwonyesha vidole.

Akavitazama vidole vyangu, kisha bakuli, kisha mwanawe, ambaye katika majira matatu ya baridi hakuwahi kuchoma kitunguu hata kimoja. Akampapasa shavu, kwa upole ulioniumiza kuliko kama angempiga kofi.

Theluji haijayeyuka, shamba likawa la mtu mwingine. Rafiki yangu hakunilaumu kamwe. Ningefurahi kama angenilaumu.