Mstari wa Mama

Kila nikiponda tangawizi ya chai, harufu yake humrudisha mwalimu wetu. Alitufundisha kughani shairi kwa pamoja, akisimama mwisho wa uwanja.

"Sijasikia! Mama anaita mtoto, hanong'onezi kuku!"

Mstari wa mama katika shairi hilo ulikuwa wangu peke yangu. Siku ya mashindano mjini Kakamega niliuogopa umati, nikadanganya kwamba sauti imenikauka.

"Pole, mama. Tafuna hii," mwalimu akanipa kipande cha tangawizi yake.

Wenzangu walipofika kwenye mstari wangu, walinyamaza. Mwalimu akauita mwenyewe kutoka chini ya jukwaa. Walimu hawaruhusiwi kughani, kwa hiyo waamuzi wakatuondoa.

Njiani wenzangu walimnunia. Yeye akaniinamia.

"Koo liko aje sasa?"

"Afadhali, mwalimu," nikanong'ona.