Valizi ya Kwenda Kutembea

Familia yetu inajua kuondoka Goma. Katika jambo hilo hatuhitaji mwalimu. Mlima ukianza kuwaka, au bunduki zikianza kusogea, kila mtu anajua kazi yake: nani anashika watoto, nani anashika godoro, nani anafunga mlango ambao hata mbuzi anaweza kuufungua. Lakini kuondoka kwa kupenda, kwenda kuangalia magorofa na kurudi nyumbani, hilo hatukuwahi kulifanya, na tulipojaribu ikaonekana.

Wazo lilikuwa la Mama. Mama alizaliwa kwenye vilima vya Masisi, katikati ya ng'ombe na ukungu, akashushwa Goma na mambo ambayo hakuna aliyemuuliza maoni yake kuyahusu. Tangu hapo amevuka mpaka wa Rwanda mara nyingi, na kila mara ilikuwa mbio. Alifika ng'ambo, akalala kwenye uwanja wa shule ya watu, akangoja, akarudi. Kigali, ambako basi linafika kwa saa chache tu, alisikia habari zake kwa wengine. Jumapili moja baada ya chakula alitutazama, kaka yangu na mimi, akasema:

"Mbele nikufe, nataka nivuke ule mupaka siku moja nikiwa mugeni. Nimechoka kuwa mukimbizi."

Mimi ni fundi wa nguo, na nikikosa la kusema huwa nachukua vipimo. Kesho yake nilimpima Mama gauni jipya la kitenge. Kaka hakukosa la kusema. Huwa hakosi.

Kaka anafanya kazi katika ofisi ambayo yeye mwenyewe hawezi kueleza inafanya nini, na ofisi hiyo iliwahi kumpeleka Kigali kwenye semina. Alilala katika jengo moja, akala katika jengo hilohilo, akasikiliza hotuba humohumo, akarudi akiijua Kigali yote. Basi akawa kiongozi wa safari. Alitufundisha kwamba kule mtu hatemi mate njiani, haingii na mfuko wa plastiki, na anavuka barabara penye mistari. Alitufanyisha mazoezi ya kuvuka penye mistari hapahapa mtaani kwetu Mapendo, ambako mistari hakuna, na mahali pengine hata barabara hakuna, ni mawe ya volkano tu. Mama na umri wake ule alisimama kwenye mawe, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, bata wakapita.

Halafu ikaja programu ya mambo ya kutazama, aliyotusomea kwenye simu kwa sauti ya mkuu wa itifaki. Kwanza rond-point fulani, mzunguko wa magari. Nikamuuliza kama sisi hatuna rond-point hapa Goma, tena yenye sanamu, kiasi kwamba tunapaswa kupanda basi kwenda kuangalia ya wenzetu. Akasema ile ina maua. Baada ya maua, jengo refu. Baada ya jengo refu, duka lenye ngazi zinazopanda zenyewe. Mama akauliza kwa upole kama kutakuwa na mahali pa kukaa na kuletewa chai mezani, bila kupanga mstari na kikombe mkononi. Kaka akaangalia simu yake, akasema kwa chai nafasi ni ndogo.

Tulikubaliana jambo moja tu sisi watatu: mtu asijue. Ukisema mapema unakwenda Kigali, mtaa mzima unakuletea maagizo, huyu viatu, huyu dawa ya mgongo, huyu kioo cha simu. Wengine wakisikia tu jina la mji huo wanakununia mwezi mzima, na kwa mambo ya miaka hii kati ya nchi yao na yetu siwezi kusema wananuna bure. Na kwenye kikundi chetu cha maombi wanasisitiza kwamba mpango ukitajwa kabla haujatimia, macho mabaya yanauwahi. Basi tukafunga midomo. Nilishona gauni la Mama nyuma ya pazia kama vile nashona bendera ya waasi.

Huo ndio ulikuwa upumbavu wetu. Katika mtaa wetu watu hawangoji redio iwaambie hali ikoje. Redio ikitangaza kwamba utulivu ni kamili, ndipo watu wanatafuta viatu. Tunaangalia mizigo ya jirani. Kila nyumba ina nyumba inayoichunguza, na nyumba inayochunguzwa na wote ni yetu, kwa ajili ya Mama. Mwaka ule mlima ulipomwaga moto, yeye aliondoka wakati wengine bado wanamcheka, na tangu siku hiyo pua yake inaaminiwa kuliko vyombo vya wataalamu wote.

Kwa hiyo asubuhi ya safari tulipofungua mlango taratibu, wenye macho walikuwa macho. Jirani yetu anayeuza makala, mkaa wa kupikia, alikuwa tayari ameketi mbele ya magunia yake. Alimtazama Mama, akatazama valizi, akatazama tai ya kaka.

"Mama, muko naenda wapi?"

Mama hajui kusema uongo, na ukweli tulikuwa tumemkataza. Akasema, "Ni hapa tu."

Hapa tu, na valizi imejaa mpaka zipu inalia. Hakuna jibu baya kuliko hilo katika mji huu. Hivyo ndivyo anavyosema mtu aliyeambiwa jambo usiku na shemeji mwenye sare. Yule jirani alisimama, akafunika makala yake kwa gunia, akaingia ndani, na kabla hatujafika kwenye kona nilisikia akiwaita watoto wake, mmojammoja, kwa sauti ndogo.

Kaka akasema tusigeuke nyuma. Mimi niligeuka. Godoro lilikuwa limekwishapandishwa kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, na mwenye chukudu alikuwa anafunga kamba. Nyumba ya pili walikuwa wanatoa mtungi. Tulipokaribia mpaka, nusu ya mtaa ilikuwa nyuma yetu, kimya, na mwendo wao ulikuwa mwendo wetu: Mama akiongeza, wanaongeza. Niliwarudia nikawaambia hakuna kitu, tunakwenda kutembea tu. Mzee mmoja alinitazama kwa huruma.

"Kutembea," akasema. "Kwa hizi siku?"

Nilikasirika. Niliwakasirikia wao, nikaukasirikia mji ambao mtu hawezi kutoka na valizi bila kuwatia watu hofu. Kaka alikuwa anaangalia saa na kunung'unika habari ya basi. Mama peke yake alisimama. Alilaza valizi juu ya mawe katikati ya njia, akamwita jirani wa makala, akamwambia aangalie mwenyewe kama hizo ni nguo za kukimbia.

Akafungua. Gauni jipya la kitenge. Viatu vya kanisani. Marashi. Kilemba cha harusi ya binamu. Watu walianza kulegea, na mama mmoja akacheka kidogo. Mama naye akachangamka, akainua kila nguo juu aonyeshe vizuri, moja baada ya nyingine, hadi alipoinua ile ya mwisho.

Chini kabisa kulikuwa na turubai lililokunjwa, na sufuria yenye unga ndani.

Mimi nilikuwa nimemsaidia kufunga valizi hiyo, na sikujua. Nilimtazama Mama, na nikaona kwamba yeye pia alikuwa anaitazama sufuria ile kana kwamba ameiweka mtu mwingine. Jirani wa makala akainama, akaokota kamba ya mzigo wake, akaanza kuikaza.

"Ngoja," Mama akasema.

Alichuchumaa, akatoa turubai, akaliweka juu ya mzigo wa jirani. Akatoa sufuria, akaishika kwa muda, kisha akamwekea jirani mikononi.

"Unichungie hii. Jumatatu niko narudi, nitaipikia."

Jirani aliipima uzito ile sufuria. Kila mtu pale alijua, bila kuambiwa, kwamba mtu anayekimbia anaweza kusahau mume, lakini hamwachii jirani sufuria. Yule mzee ndiye wa kwanza kugeuza chukudu yake. Wengine walimfuata, wakirudi na magodoro yao, na baadhi walitutukana, jambo lililonifurahisha sana, kwa sababu mtu mwenye hofu hatukani.

Tulipofika kwenye mpaka, afisa aliuliza valizi ina nini. Mama akamjibu kwamba ni nguo za kutembea. Afisa akafungua, akatazama juujuu, akafunga, akatuashiria kwa mkono tupite. Mama hakupita. Alimwomba afungue tena, aangalie vizuri, mpaka chini, ambako sasa hakukuwa na turubai wala sufuria.