Diski ya Kuliani

Kaka yangu haingii nyumba ila kwa mguu wa kulia. Kanzu huivaa kwa kuanza mkono wa kulia, na vitu viwili vikiwekwa mbele yake, cha kuliani ndicho cha kwanza. Sikuwahi kuona ubaya wake, mpaka siku kompyuta yetu ya nyumbani Mkunazini ilipotuandikia kwamba diski ya kwanza inakufa.

Diski zilikuwa mbili, pacha, na zote zimebeba kitu kimoja: ngano za mama yetu, nilizomrekodi kabla kiharusi hakijamchukua ulimi. Tangu hapo mama yuko kitandani ukumbini, anatusikia, anatutazama, hasemi. Sauti yake ilibaki mle tu.

Kaka alifungua ubavu wa kompyuta, akachomoa ya kuliani.

"Hii ndiyo ya kwanza."

"Kila moja ina namba yake mgongoni," nikamwambia. "Na namba ya ile mbovu hii hapa kwenye kioo cha kompyuta. Linganisha kwanza, kaka."

"Wewe kila kitu wataka ushahidi. Kheri huanza kuliani."

Nikamwambia hapa hatutafuti kheri, tunatafuta mgonjwa. Sikio la kufa halisikii dawa. Akachomeka diski mpya, akaniachia kazi ya kunakili kutoka ile ya kushoto, akashuka uani na ile aliyoitoa, na mchi wa kinu mkononi. Kuitupa nzima hakutaka. Watu huokota diski jaani wakazifungua, na mama ngano zile hakuwasimulia wanaume wa mitaani. Nyingine alizisimulia akicheka mpaka anajishika mbavu. Sitara ni sitara, hapo nilikuwa pamoja naye. Nikausikia mchi ukigonga.

Kunakili ndiyo kwanza kulianza, hata ngano moja haijakamilika, ndani ya kompyuta kukatoka kri, kri, kri, na kunakili kukaganda kwenye kioo. Nikafungua ngano moja nijaribu, na mahali ilipofunguka ni pale mama alipoikatiza ili amwite kaka aje kula.

"Baba, njoo."

Sauti nzima, kama jana. Kule uani mchi ukanyamaza.

"Naam, mama," kaka akaitika.

Alipanda ngazi mbio, kofia imemtoka. Mimi hakuniona. Alikwenda moja kwa moja kitandani, akapiga magoti, mchi bado mkononi. "Naam, mama. Nshakuja." Mama akamtazama, kisha akaitazama kompyuta. Kaka naye akageuza shingo, taratibu, akayafuata macho ya mama. 

Kri moja zaidi, kisha kimya. Nikainama kuichungulia namba ya diski iliyobaki. Ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa kwenye kioo. Tulikuwa tumemwacha mgonjwa, tukamtoa mzima.

"Ile nyingine iko wapi?" nikamuuliza.

"Nshaiponda."

Mafundi walihangaika na ile mbovu, na kilichopatikana ni kipande kile tu, maneno mawili. Mara moja moja mimi huyafungua, ili mama aisikie sauti yake mwenyewe. Kaka akiwepo, popote alipo ndani ya nyumba, huacha alichoshika akaitika naam, akaja mpaka kitandani. Anajua ni kompyuta. Lakini ameitwa na mama yake.