Odetta Hakuuawa na Antena Zake

Siamini bado, wala sitajilazimisha kuamini. Odetta, mhandisi wa antena, rafiki yangu, alifariki Jumanne asubuhi hapa Gisenyi. Familia yake imeniruhusu kuandika haya, nami ninayaandika kwa jina langu, bila kujificha.

Nianze na lililo wazi. Odetta alizaliwa na moyo wenye hitilafu. Yeye alijua, mama yake alijua, daktari wake alijua. Moyo huo ndio uliosimama. Hakuna kingine kilichomuua.

Ninalazimika kulitamka hili kwa sababu ya niliyoyasikia kwenye ikiriyo, tulipoketi na wafiwa uani kwao Rugerero. Mama Shukuru, muuza vitenge ambaye sote tunamheshimu, alimwinamia jirani yake akasema: "Bon, tuseme ukweli. Ile mashini yake njo ilimumaliza. Maikrowevu si ile ya kupashia chakula mu hoteli? Sasa mutu akikaa nayo kila siku, haivi?"

Na watu wazima wakaitikia kwa vichwa!

Jana Diane, aliyefanya kazi bega kwa bega na Odetta, alinipigia simu akilia. Wanawake waliojitolea kupimwa matiti kwa antena hizo wanaomba majina yao yafutwe. Wasipokuja, chumba cha vipimo kitafungwa, na kazi ya Odetta itafukiwa pamoja naye.

Hapana. Tunamzika Odetta. Kazi yake hatuiziki.

Namkumbuka siku aliyoingia kibandani kwangu Mbugangari, ninapowaandikia watu barua za maombi, ubavuni mwa fundi cherehani. Mkononi alishika kibao chembamba chenye shaba iliyokatwa mfano wa pembe mbili zinazoachana. "Mama Konsolata, hii ni antena," akasema. "Ni mdomo, na ni sikio."

Nikamwuliza inasema nini.

"Inanong'ona kwenye titi kwa mawimbi madogo ya maikrowevu, halafu inasikiliza kinachorudi. Mafuta yanapitisha mnong'ono. Uvimbe una maji mengi, so unaurudisha. Nikizipanga antena duara, kompyuta inakusanya minong'ono yote, inachora picha."

Mimi sikusoma uhandisi, wala uandishi sikufundishwa na mtu. Nilielewa hata hivyo. Alitaka uvimbe uonekane mapema, pasipo titi kubanwa, kwa mashine nyepesi ambayo siku moja ingefika hata Rugerero. Wala hakumdanganya mtu. Kila aliyekuja kupimwa, Odetta alimwambia kwamba huu bado ni utafiti, na hospitali asiiache.

Alikuwa amekuja ili nimwandikie maelezo ya kuwasomea wanawake hao. Katika rasimu yake aliwaita "subjects", yaani watu wa kufanyiwa majaribio. Nikamweleza kwamba hakuna mama wa Gisenyi atakayevua nguo na kulala mezani akiitwa jina la namna hiyo. Tulibishana hadi chai ikapoa.

"Mama, you are too much! Mimi nina deadline!"

Nikamjibu kwamba deadline haijapata kuwa sababu ya kumvunjia mtu heshima. Akacheka mpaka fundi cherehani akasimamisha mashine yake. Tuliandika "waungwana waliojitolea". Hivyo ndivyo walivyoitwa, na walikuja.

Namkumbuka jikoni kwa mama yake akipika titi la mfano la kujaribia antena: jelatini, maji, mafuta ya kupikia, vyote katika sufuria ya maharage. Shangazi mmoja akanyoosha kijiko. "Shangazi, usionje! Hiyo ni data!"

Namkumbuka siku Mama Shukuru mwenyewe alipokuja kupimwa. Nilikuwa nje ya pazia. Wanawake wetu wanaovuka mpaka kwenda Goma hufunga simu katika pindo la kitenge kiunoni, na pindo hilo hawalifungui kwa ajili ya mtu yeyote. Alilala, kipimo kikaanza, simu ikalia. Mistari yote kwenye kompyuta ikarukaruka.

"Mama, nilikuomba simu uiache nje!"

"We mutoto! Bwana yangu iko Goma. Akipiga nisijibu, atasema niko wapi?"

"Mwambie uko kwa antena. Simu yako inapiga kelele, antena zangu zinanong'ona. Nitazisikiaje?"

Basi pale pale ikiriyoni nilisimama, nikamkumbusha hayo. Nikasema: Mama Shukuru, kwa heshima zote, kilichopiga kelele siku ile kilikuwa kiunoni mwako. Unacho hadi leo, unalala nacho, na hukuiva.

Watu walicheka, mama yake Odetta akiwa wa kwanza. Mama Shukuru hakucheka. Akasema taratibu: "Ni kweli, alinigombeza. Lakini mi naogopa, Konsolata. Yule mutoto alikuwa anacheka Jumatatu."

Nikaketi kando yake.

Ila kwenu nyote mnaosambaza uvumi huu, ninasema: simu unayosomea chapisho hili hutoa mawimbi yenye nguvu kuliko antena zake. Ukitaka kubisha, nenda kwa Diane, ukaoneshwe vipimo. Usibishie kwenye msiba.

Na kwenu waungwana mliojitolea: kuogopa si aibu. Hakuna atakayewalazimisha. Lakini msifute majina yenu kwa ajili ya neno la uani. Jumatatu asubuhi, mimi Konsolata, mjane, mwenye umri wa kuitwa bibi, nitalala juu ya meza ile, nipimwe na Diane. Baadaye nitaketi kibandani kwangu kama kawaida. Anayetaka kuona kama nimeiva, aje atazame.

Odetta, mwanangu, rafiki yangu. Ulinisihi mara nyingi nijiandikishe, nami nikakwambia mwili wangu si wa kuoneshwa watu. Utanisamehe kwamba nimekubali wakati huwezi tena kunicheka.

Lala, mhandisi wetu. Usalama wa jina lako tuachie sisi.